Debe moja: soya, maharage ya njano au karanga?

MwanaUyole
Habarini wadau. Nimeacha nyama. Jumamosi nashuka sokoni Mwanjelwa na hela ya debe moja tu. Nichukue kipi ili protini isipungue?

Mama Tukuyu
Umeacha nyama tu, au na mayai na maziwa? Una kilo ngapi? Mnakula wangapi?

Mzee wa Mbozi
Soya. Gramu 100 kavu zina protini gramu 36 hivi, maharage 22 tu. Ila kuwa makini, kuna maharage ya njano wanayaita "soya" sokoni. Soya yenyewe ni punje ndogo za duara kama njegere.

Dada Ipogolo
Kabla hujanunua nisikilize. Mwaka juzi nilichanganya soya mbichi, mahindi na karanga, nikapeleka mashineni kusaga unga wa lishe. Uji nikauivisha haraka kama wa sembe. Usiku uleule mwanangu analia tumbo, mume wangu anaharisha, nami tumbo limejaa gesi hadi alfajiri. Tuliteseka siku mbili, na unga wote nikaumwaga, kilo kumi! Baadaye nesi akanieleza kwamba soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa. Sasa nachemsha, namenya maganda, naanika, nakaanga, ndipo nasaga. Ni kazi ya siku mbili, usidanganywe.

Kijana Kyela
Kula dagaa wa usipa tu kaka, mambo yaishe.

MwanaUyole
Samaki, mayai, maziwa, vyote hapana. Nina kilo 62. Naishi na mdogo wangu wa kidato cha tatu.

Mama Tukuyu
Hayo ndiyo ungeanza nayo, mwanangu. Mtu mzima ni protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo wewe kama gramu 50 kwa siku. Pika makande, maana kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Karanga tia kwenye mboga. Ila vitamini B12 huipati kwenye mimea, tafuta vidonge. Na mdogo wako bado anakua, usimpimie kama wewe.

Mzee wa Mbozi
Maharage yanamaliza mkaa.

Mama Tukuyu
Loweka usiku kucha, baba.

Mzee wa Mbozi
Mimi natia magadi, yanaiva upesi.

Dada Ipogolo
Magadi yanaharibu vitamini B1, mzee wangu. Acha kabisa.

Mzee wa Mbozi
Mama yangu alitia magadi miaka yote na tulikua vizuri.

MwanaUyole
Naelekea kwenye maharage, lakini soya bado inanivuta. Mdogo wangu mwenyewe anataka karanga.

Kijana Kyela
Magadi mnayosema ni yale ya mawe au ya unga?