Ushauri: Nimealikwa Pongal kijijini Tamil Nadu, na ratiba ina hekalu la Gangaikonda Cholapuram

Binti Msambweni:
Wakuu, salaam. Nasoma Chennai. Mwenzangu wa bweni, Mtamil, kanialika kwao kijijini, wilaya ya Ariyalur, wakati wa Pongal, ile sikukuu yao ya mavuno ya katikati ya Januari. Kwao si mbali na Gangaikonda Cholapuram, hekalu la mfalme Rajendra Chola la karne ya 11. Mama yake keshapanga: asubuhi moja twende familia nzima, na mimi nimo.

Mimi ni Muislamu, navaa mtandio. Kuliona nalitaka hasa, tena sana. Kinachonitatiza ni kwamba wenzangu hawaendi kutalii, wanaenda kusali. Pujari, yaani kuhani wao, akija na sinia ya moto na lile jivu lao la ibada, nafanyaje? Nikikataa mbele ya mama wa watu, si ataona nimemdharau? Halafu kuna mavazi, viatu, picha, chakula cha hekaluni. Mliowahi kufika kusini huko naombeni mwongozo. Wa kejeli piteni kushoto.

Mkaa Ughaibuni:
Dada, kabla ya jivu ongelea tiketi. Pongal Chennai nzima inarudi vijijini. Treni buking inafunguliwa siku 60 kabla, na za wiki ile zinakwisha asubuhi ile ile. Mwambie mwenzako akate na yako pamoja. Ikishindikana kuna mabasi ya Kilambakkam, stendi mpya ya mabasi ya kusini, ila jiandae kwa foleni ya kutoka mjini. Ukishafika mji wa Kumbakonam umebakiza kama kilomita 35 mpaka hekaluni.

Sauti ya Haki:
Kwani lazima uende? Dini yako unaijua, ibada yao unaijua. Baki nyumbani umsaidie bibi kupika. Naishia hapo.

Mama Wawili:
Sauti ya Haki, kauliza aende vipi, hajauliza aende au asiende. Hilo la pili ana shekhe wake, amuulize huyo.

Mdogo wangu, mimi nilikaa Tamil Nadu nikimuuguza mzee, na jioni wenyeji walikuwa wakinitembeza. Lile la moto lisikunyime usingizi. Pujari akitoka na sinia ya kafuri, watu wanasogea, wanapitisha viganja juu ya ule mwali kisha wanajigusa macho. Asiyetaka anasimama nyuma, mikono imetulia, basi. Hakuna anayekuhesabia. Jivu nalo linatiwa kiganjani, kila mtu anajipaka mwenyewe. Ukiwa nyuma halikufikii. Likikufikia, tikisa kichwa kwa upole na uweke mkono kifuani, pujari anapita kwa anayefuata.

La maana ni mwenzako amwambie mama yake MAPEMA, mkiwa bado nyumbani: "Huyu atatusindikiza, ataangalia, ila hatashiriki puja, ibada yenyewe." Mama akiambiwa jikoni haimuumi. Akishtukizwa mbele ya majirani zake ndiyo inauma. Na usidhani wewe ni kioja kwao. Upande wa pwani kuna dargah ya Nagore, kaburi la walii wa Kiislamu, na Wahindu wanaokwenda kuomba pale ni wengi mno. Mnara mrefu kuliko yote pale ulijengwa na mfalme wa Kihindu wa Thanjavur. Mchanganyiko wameuzoea.

Mtandio vaa. Gauni refu au salwar inatosha. Viatu vinabaki nje, kwa hiyo vaa ndala za kuvua haraka, na soksi usisahau: lile jiwe la uani saa 5 asubuhi linaunguza, hata Januari. Chochote kupokea au kutoa ni mkono wa kulia, hilo kwetu Waswahili halihitaji somo.

Binti Msambweni:
Mama Wawili, Mungu akuweke. Na kuingia kwenyewe? Nimesikia kuna mahekalu asiye Mhindu hapiti.

Mkaa Ughaibuni:
Yapo, tena mengi. Utaona kibao karibu na mlingoti wa bendera: wasio Wahindu mwisho hapa. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, tawi la Madurai, iliamuru hivyo kuhusu hekalu la Palani. Kibao ukikiona, simama, usibishane. Gangaikonda Cholapuram liko chini ya idara ya mambo ya kale ya India na lipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004. Ule ua mkubwa wenye majani watu wa kila aina wanazunguka. Kwenye chumba cha ndani kabisa, penye lingamu, lile jiwe la ibada la mungu wao Shiva, acha familia iingie, nawe baki nje. Picha huko ndani hapana, nje piga mpaka uchoke.

Muda: mahekalu ya huko hufunga mchana, kama saa 6 hivi, na kufungua tena saa 10 jioni. Nendeni alfajiri.

Fundi Mawe:
Mimi ni mwashi, pale nilikwenda kwa ajili ya mawe tu. Dada, familia ikiingia kusali usikae ukichezea simu. Una kazi ya kufanya nje.

Anza kwa kusimama mbali, utazame mnara wote. Unapita mita 50, na kingo zake zimejipinda kwa ndani kadiri unavyopanda. Baba yake Rajendra, Rajaraja wa Kwanza, alimaliza wa Thanjavur mwaka 1010, na ule kingo zake zimenyooka, na ni mrefu zaidi. Mtoto alikuwa na jeshi lililofika mpaka mto Ganga, na mwaka 1025 merikebu zake zikavuka bahari kuipiga Srivijaya, dola ya kule Sumatra, lakini hekalu lake hakulipandisha juu ya la baba. Kwa nini, wanahistoria wanabishana. Mimi nasema adabu.

Kisha nenda upande wa kaskazini, penye ngazi za mlango wa pembeni. Pale ukutani kuna Shiva ameketi na mkewe, na chini yake mtu amepiga magoti, mikono ameikunja. Shiva anamvisha shada la maua kichwani. Tazama vidole vinavyolizungusha lile shada. Ni jiwe gumu lile, na patasi za enzi zile, lakini vidole vimelegea kabisa, kama vya mama anayemfunga mwanawe kilemba. Aliyepiga magoti ni mcha Mungu Chandesha, ila wapo wanaosema mfalme alijichonga mwenyewe hapo kwa mafumbo. Mimi nilikaa mbele yake mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Halafu jiulize mji uko wapi. Pale palikuwa makao makuu ya dola ya Chola kwa karne mbili na nusu hivi, leo ni kijiji na mashamba. Majumba ya kifalme yalikuwa ya tofali. Misingi yake wameifukua Maligaimedu, jirani tu. Hata ukuta wa nje uliozunguka hekalu, mawe yake mengi yalibebwa mwaka 1836 kujengea lile bwawa la Anaikkarai. Ukitokea Kumbakonam unapita hapo hapo. Mawe ya mfalme yanazuia maji ya mkulima. Wengine wanasikitika, mimi sijui nisikitike au la.

Mama Wawili:
Fundi katunyoosha leo. Naongeza madogo. Mkilizunguka hekalu, jengo liwe mkono wako wa kulia. Yule fahali wa jiwe, Nandi, anautazama mlango. Usisimame kati yake na mlango kupiga selfi, wazee hawapendi. Na dada, wenyeji wengi mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii hekaluni. Ikitokea, mnong'oneze mwenzako tu, atakuelewa bila maelezo.

Binti Msambweni:
Nimeelewa. Chakula je? Sitaki kuonekana nachagua, ila nyama ambayo sijui kachinja nani siwezi.

Mkaa Ughaibuni:
Siku yenyewe ya Pongal utakula kwa amani, hakuna nyama. Mchele mpya na maziwa vinachemshwa uani kwenye chungu kilichofungwa mche wa manjano, mpaka povu limwagike, na hapo wote wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" Piga nao, hiyo ni furaha ya mavuno. Kesho yake ni siku ya ng'ombe, wanaogeshwa na kupakwa rangi pembe. Nyama ya mbuzi huonekana zaidi siku ya mwisho mwisho. Sema unakula mboga tu, hawatakuuliza swali la pili, wala mboga wako wengi. Wali mtamu unaogawiwa hekaluni umeshatolewa sadaka kwa mungu wao, huo uamue mwenyewe na shekhe wako.

Sauti ya Haki:
Hapo kwenye wali nakubaliana nanyi. Amuulize.

Binti Msambweni:
Nimeshazungumza na mwenzangu leo jioni. Kacheka. Anasema mama yake alishamuuliza zamani kama nitapata pa kuswalia, na katenga chumba cha nyuma. Hekaluni nitabaki kule kaskazini kwenye shada la Fundi Mawe. Mama nimpelekee zawadi gani?

Mama Wawili:
Kitenge, doti nzima. Na matunda utakayonunua njiani. Chochote cha ngozi acha.

Mkaa Ughaibuni:
Na tiketi ya kurudi Chennai nayo kata asubuhi ile ile buking yake inapofunguliwa. Kurudi ndiyo balaa zaidi.