Fedha za mafunzo ya taka hatarishi zinaishia ukumbini, sisi tunaoshika mapipa tunaambulia cheti

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kazi ya taka hatarishi. Nazungumzia mapipa ya asidi iliyokwisha kutumika, matope yenye saianidi kutoka viwanda vya kuchovya vyuma, betri chakavu, mafuta machafu, sindano za hospitali. Serikali ilitoa fedha ili tufundishwe kufanya kazi hii bila kufa. Fedha zikatoka, mzabuni akapatikana, mafunzo yakafanyika. Naomba niwaeleze yalivyofanyika.

Ratiba ilisema siku tano, sisi tukakaa siku moja na nusu. Asubuhi ya kwanza ilikwisha tukimsubiri mgeni rasmi. Kabla hajafika, karatasi za mahudhurio zilikuwa zimeshazungushwa, na tukasainishwa siku zote tano kwa mkupuo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni utaratibu wa wahasibu. Mkufunzi simlaumu sana, alikuwa mtu mpole, ila alichofanya ni kuwasha projekta na kutusomea maandishi ya lugha ambayo nusu ya wenzangu hawaijui. Mle ukumbini tulikuwa watu kama arobaini. Nilihesabu wanaogusa taka kwa mikono yao: kumi na mmoja. Wengine wote wa ofisini. Vibarua wanaopakia malori, ambao ndio wa kwanza kumwagikiwa, hawakuitwa kwa sababu hawana mkataba. Yaani aliye karibu zaidi na sumu ndiye aliyeachwa nje ya mlango.

Sasa nifike kwenye maski, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Mezani kulikuwa na maski moja, ya uso mzima, yenye vichujio viwili pembeni. Ilipita mkono kwa mkono, kila mtu akaigeuza-geuza na kumpa jirani yake. Hakuna aliyeivaa. Niliomba niijaribu, nikaambiwa muda umekwenda, baada ya chakula ni kugawa vyeti na kupiga picha.

Miezi miwili baadaye tukagawiwa maski za aina hiyohiyo kazini. Siku moja nikamkuta mwenzangu kaegemea ukuta, jasho linamtiririka, anasema maski inamkaba. Alikuwa ameshalegeza mikanda ili apate pumzi. Nilipoishika nikaona vifuniko vya plastiki vya kiwandani bado vimeziba vichujio vyote viwili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vinatolewa. Kwa hiyo hewa yote aliyokuwa anavuta ilikuwa inaingilia pembeni mwa mashavu, hewa ileile ya juu ya pipa. Amefanya kazi hivyo karibu nusu saa. Huyu ana cheti, kimegongwa muhuri, kimeandikwa kwamba amehitimu matumizi ya vifaa vya kinga.

Kumfundisha mtu maski kunataka dakika kumi na tano. Unatoa vifuniko, unavaa, unakaza mikanda, halafu unaziba vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi. Maski ikikunyonya uso na kubaki hivyo, imekaa. Isipokunyonya, inavuja. Mwenye ndevu haimkai, lazima anyoe. Chujio la vumbi halizuii mvuke wa kemikali, la mvuke lina lake. Na hakuna chujio lolote linaloongeza oksijeni: hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21, ikishuka chini ya 19.5 maski ya chujio haikufai kitu, hata iwe mpya namna gani. Haya nimeyajua kwa kuuliza na kusoma usiku kwa simu. Siku ile ya ukumbini sikuambiwa hata moja.

Mnaodhani nakuza mambo, fikirini gesi ya salfidi hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Inapatikana kwenye mashimo ya maji machafu na matangi ya tope. Ikiwa kidogo unainusa. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka, kumbe ndiyo imezidi. Mfanyakazi anayetegemea pua yake anashuka ndani akiwa na amani kabisa. Anaanguka. Mwenzake anamwona, anaruka kumtoa, naye anaanguka. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu zilizofungwa za namna hiyo ni wale waliokwenda kuokoa. Walikufa kwa upendo na kwa kutofundishwa. Mimi mwenyewe, kabla sijasoma hayo, ningeruka.

Au chukua matope ya saianidi. Yakikutana na asidi yanatoa gesi inayoua kwa dakika chache. Hapa kwetu, kabla hatujapiga kelele, mapipa ya asidi na ya saianidi yalikuwa yanapangwa safu moja, mengine lebo zimekwishabanduka. Na pipa likivimba kifuniko maana yake kuna msukumo ndani. Hapo ni kurudi nyuma, kuzuia watu na kumwita anayejua, kamwe usiligongegonge. Nimemwona mtu akiligonga kwa spana.

Kuna watakaosema serikali haina uwezo, bora hata hicho kidogo. Siafiki. Fedha zilitolewa, tena za siku tano. Na haihitajiki kubuni kitu kipya. Marekani walipitisha sheria mwaka 1986 iliyofungua mfuko wa kufundisha wafanyakazi wa taka hatarishi, na tangu 1987 taasisi yao ya afya ya mazingira, NIEHS, inatoa ruzuku hizo kwa vyama vya wafanyakazi, vyuo vikuu na mashirika yasiyo ya faida. Kanuni yao inataka mfanyakazi wa kawaida wa eneo la taka apate saa 40 za mafunzo nje ya eneo, kisha siku 3 za kazi halisi chini ya msimamizi aliyefundishwa, kabla hajaachiwa. Kila mwaka anarudia saa 8. Asiye na uthibitisho haruhusiwi kuingia. Sisemi kwao hakuna udanganyifu, ila angalau mfanyakazi akikatwa saa zake ana kanuni ya kushika mkononi anapodai.

Nikiulizwa napendekeza nini: mzabuni asilipwe kwa karatasi ya mahudhurio. Saini haioneshi kama mtu anajua kitu. Alipwe baada ya mkaguzi kuja eneo la kazi na kumchagua mtu yeyote, kibarua akiwemo, kisha kumwambia vaa maski nikuone, nisomee lebo hii, nioneshe unavyovua ovaroli chafu bila kujipaka. Akishindwa, mafunzo yarudiwe kwa gharama ya mzabuni. Na wafundishaji wawe watu waliowahi kufanya kazi hii, waseme lugha tunayoielewa.

Wenzetu wa taka za hospitali nao wana kilio chao. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini aina B, naye hajachanjwa, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30. Chanjo ipo. Dawa za kinga baada ya kuchomwa na sindano yenye virusi vya UKIMWI zipo pia, lakini lazima zianze ndani ya saa 72. Mwenzangu mmoja alichomwa akanyamaza siku nne, akaogopa kufukuzwa kwa uzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba saa zinahesabiwa. Namshukuru Mungu vipimo vyake vilikuwa safi, ila ile miezi ya kusubiri alikonda tukamwona.

Naomba waliopitia mafunzo haya waandike hapa chini mlifundishwa saa ngapi kweli, siyo zilizoandikwa kwenye cheti, na kama siku hiyo mlivaa maski usoni au mliishika tu. Nitakusanya majibu yote, niyaondolee majina, niyapeleke kwa maandishi kwa waliotoa fedha.