Tupeane uzoefu: mwanafunzi wa kitengo anapotumwa sokoni mwenyewe

Ticha wa Kitengo (Dar): Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, kwenye shule moja ya msingi. Kila Alhamisi tunawapeleka sokoni, watoto sita, walimu wawili. Zamani yalikuwa matembezi tu: wanaona nyanya, tunarudi. Siku moja nikashtuka kwamba anayeongea na wauzaji ni mimi peke yangu. Tangu hapo kila mtoto anatumwa kitu kimoja, anashika hela yake, anaomba mwenyewe.

Hela tunafundisha kwa wanyama walioko kwenye noti. Elfu mbili ni simba, elfu tano faru, elfu kumi tembo. Tarakimu zinawapiga chenga wengi, ila simba hakuna asiyemjua. Kasheshe ni elfu moja, hamna mnyama pale. Kijana wangu mmoja aliagiza "chumvi ya Nyerere mmoja".

Wanaonisumbua zaidi ni wauzaji. "Mwalimu, huyu anataka nini?" Siku hizi nikiulizwa hivyo najifanya napokea simu. Muuzaji akikosa wa kumjibu, anamgeukia mtoto. Ninyi mnafanyaje?

Mama Usonji: Wangu ana usonji (autism), miaka 14. Kwetu mtihani ulikuwa daladala: honi, muziki, kusukumana. Tulianza kwa kwenda kituoni tu, tunakaa dakika kumi, tunarudi nyumbani. Wiki mbili hatujapanda gari, majirani wakaona nimechanganyikiwa. Halafu tukapanda kituo kimoja, saa nne asubuhi, gari likiwa jepesi. Hajui kusoma, gari letu analijua kwa rangi ya mstari ubavuni. Mwezi uliopita konda alitaka kutupitiliza, mtoto akapaza sauti, "Shusha!" Gari zima likageuka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Baba Kijana (Kenya): Huku wanyama wako kwa sarafu: twiga shilingi 1, faru 5, simba 10, tembo 20. Simba wenu ni tajiri kuliko wetu! Wangu hununua maziwa dukani. Kosa langu lilikuwa kumbadilishia duka kila mara nikidhani atajifunza haraka. Wapi! Sasa ni duka moja miezi mitatu, ndipo la pili.

Mama Binti: Wenzangu mnaongelea watoto wa kiume. Binti yangu ana miaka 16, anamwamini kila anayemchekea. Nimtume sokoni, nani atanihakikishia usalama wake?

Ticha wa Kitengo: Mama, kuogopa ni haki yako. Wasichana kwetu hutoka wawili wawili, mwalimu yuko nyuma hatua kama ishirini. Namba ya simu tunaishonea ndani ya mfuko. Kadi ya shingoni niliiacha: jina likionekana, yeyote anaweza kumwita kama vile anamjua. Na kabla ya kutoka tunaigiza darasani. Mtu akisema "twende nikakununulie soda", wewe unafanya nini? Jibu ni hapana, kisha unarudi kwa mwalimu. Tunarudia hadi wanachoka.

Mama Usonji: Hiyo ya kushona nimeichukua.

Mama Binti: Mimi ile ya kuigiza nimeijaribu jana jikoni. Nikajifanya mtu nisiyejulikana, nikamwambia twende nikakununulie soda. Akaniuliza, "Ya baridi?" Ticha, bado tuna kazi.