Wakaguzi wa mionzi wakifika kazini wanaangalia nini hasa?

Fundi_Geji ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi wa vifaa vya kupimia kwenye kiwanda cha saruji. Tuna geji za mionzi zenye sesiamu-137 (madini yanayotoa mionzi), zimefungwa kwenye hopa (matangi ya kumiminia malighafi) na mabomba kupima ujazo wa malighafi bila kuigusa. Aliyekuwa afisa usalama wa mionzi kaacha kazi, bosi kanikabidhi funguo, rundo la mafaili na cheo. Leseni inasema mdhibiti anaweza kuingia kukagua wakati wowote, kwa taarifa au bila taarifa.

Hapa kazini kuna anayesema wakija ni kusaini kitabu cha wageni na kupiga picha bango la onyo, basi. Mwingine anasema wanafunga kiwanda. Aliyewahi kukagua au kukaguliwa anieleze: wanaanzia wapi? Halafu kuna geji moja ya zamani iko stoo, haijatumika tangu mtambo wake ung'olewe. Niiseme, au ninyamaze mpaka waulize?

Nyundo_Butu:

Hiyo ya stoo ndiyo watakayoanza nayo. Subiri wajuzi waje.

MpimaMstaafu:

Fundi, kazi ya ukaguzi nimeifanya mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakueleza nilivyokuwa naifanya mimi. Kila nchi ina sheria yake, ila shina ni moja, maana mamlaka nyingi zimejengwa juu ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Umeuliza tunaanzia wapi. Mkaguzi anaanzia ofisini kwake, kwenye faili lako. Kabla sijatoka nimeshajua una vyanzo vingapi vya mionzi, namba za kapsuli (vile vidonge vya chuma vinavyobeba sesiamu), kila kimoja kilikuwa na nguvu gani na tarehe gani, na zile ahadi mlizoandika ukaguzi uliopita ("tutarekebisha ndani ya mwezi"). Nikifika nalinganisha vitu vitatu: karatasi, chombo chenyewe, na maneno ya anayekitumia. Vikikubaliana naondoka mapema. Visipokubaliana, tutakaa sana siku hiyo.

Mita yangu ya kupimia mionzi naiwasha nje, kwenye maegesho. Naangalia betri, nachukua kipimo cha mionzi ya asili, ambacho sehemu nyingi hucheza kwenye mikrosivati 0.1 au 0.2 kwa saa (sivati ni kizio cha mionzi anayopata mtu). Bila namba hiyo sina cha kulinganisha nikifika kwenye geji. Kisha naomba mita yako wewe. Nimewahi kuletewa mita ya bei mbaya ikiwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, na cheti chake cha kalibresheni (uhakiki kwamba inapima sawasawa) kilishapitwa na wakati ikiwa humo humo. Hapo sikuhitaji kufungua faili la mafunzo kujua kuna mafunzo gani.

Halafu tunapanda ngazi. Kwenye viwanda vya saruji ukaguzi ni vumbi tupu: kile kibati chenye alama ya mionzi na namba ya chanzo huwa kimefunikwa kabisa, unakipangusa kwa glavu ndipo kisomeke. Namba isiposomeka, hiyo ni hoja ya kwanza. Nikishaisoma nasema, "Funga shata." Shata ni kile kizuizi kinachoziba mionzi isitoke kwenye kasha. Nasimama pembeni, si mbele ya mwali wa mionzi, nikitazama mita. Shata ikifunga kweli, usomaji unashuka pale pale. Vumbi la saruji likikutana na unyevu hugeuka jiwe, na nimeona mkono wa shata ukielekeza "imefungwa" huku mita haishuki. Kuamini mkono peke yake ni hatari, hasa kama kuna mtu anataka kuingia ndani ya hopa.

Na swali la kuingia kwenye hopa simuulizi meneja. Namuuliza yule anayeingia. "Malighafi ikiganda humu ndani, unafanyaje?" Jibu ninalotaka ni kwamba anamwita afisa usalama wa mionzi, shata inafungwa, inatiwa kufuli, ufunguo unabaki kwa afisa, panapimwa, ndipo kibali kinasainiwa. Akinijibu "tunachukua nyundo tunapanda", basi utaratibu wenu uliochapwa vizuri kwenye faili haujawahi kutoka kwenye faili.

Mengine nayataja haraka. Nitataka majibu ya kipimo cha uvujaji, kile cha kupangusa kwa pamba maeneo ya nje ya kasha na kupeleka maabara. Kapsuli yenyewe haiguswi. Nitataka rekodi za beji (zile wanazovaa wafanyakazi kupima mionzi wanayopata), mpango wa dharura wenye namba za simu zinazopatikana (nitapiga moja), na nitaangalia nani anashika funguo. Mionzi anayopata mfanyakazi isizidi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kwa raia ni milisivati 1 kwa mwaka, na kumbuka mpishi wenu na mlinzi wanahesabika huko. Kwa watu wa geji mipaka hii kwa kawaida iko mbali sana. Kwenu nyinyi nahofia zaidi chanzo kupotea, au mtu kukatiza mbele ya mwali.

Kufunga kiwanda? Nikikuta geji mbovu nazuia matumizi ya geji hiyo, natia lakiri, na kazi nyingine zinaendelea. Kasoro ndogo utapewa maandishi na muda wa kurekebisha. Ukikaidi, au ukinificha kitu, ndiyo tunafika kwenye kusimamishiwa leseni na mahakama. Na kitabu cha wageni nitasaini, sina tatizo nacho.

Sasa hiyo ya stoo. Iseme leo, kwa barua. Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, kwa hiyo geji iliyotengenezwa 1995 mpaka sasa ina takriban nusu ya nguvu yake. Haijafa kwa sababu mtambo wake umekufa. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, mashine ya tiba yenye sesiamu hiyo hiyo iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Watu wakaichukua kama chuma chakavu, wakaifungua. Unga wake ulikuwa unang'aa buluu, wakagawiana. Wanne walikufa, 249 wakakutwa na uchafuzi, na zaidi ya laki moja ikabidi wapimwe. Geji yako ina nguvu ndogo sana ukilinganisha na ile, lakini njia ya kutoka stoo kwenda kwa mnunua vyuma ni ile ile.

Dada_Eksirei:

Mzee umeeleza vizuri, ila niongeze ya hospitali, huku mambo ni tofauti. Mashine ya eksirei ukiizima hakuna mionzi, kwa hiyo mkaguzi anataka tuiwashe. Aliyekuja kwetu mara ya mwisho aliomba dumu la maji, akaliweka mezani pale anapolala mgonjwa, tukapiga picha dumu huku yeye akipima nyuma ya mlango, kwenye dirisha la chumba cha kuendeshea, na kwenye benchi la wagonjwa wanaosubiri. Maji yanatawanya mionzi kama mwili wa mtu. Aliangalia pia kama mwanga wa mashine unaangukia pale pale mionzi inapoangukia. Ilikuwa imepishana, na hakuna kati yetu aliyekuwa anajua, picha zilikuwa zinatoka vizuri tu.

Ila mzee, si wote wako hivyo. Kabla ya huyo tuliwahi kupata mkaguzi aliyekaa ofisini kwa mganga akapekua mafaili, akaaga. Chumba cha eksirei hakukiona. Na beji zetu zote zilikuwa sifuri, akasema "hongereni".

MpimaMstaafu:

Dada, wapo, sitawatetea. Mkaguzi asiyewasha mita amekagua karani.

Hizo sifuri mimi zingenisimamisha. Kwenye eksirei ya kawaida, mtu anayesimama nyuma ya kinga anaweza kweli kusoma karibu na sifuri mwaka mzima, na ni sawa. Lakini chumba ambamo daktari anasimama kando ya mgonjwa mashine ikiwaka, au mpiga picha za welding (anayekagua viungo vya chuma kwa mionzi) anayetumia chanzo cha iridiamu, akileta sifuri mfululizo namuuliza beji yake inalala wapi. Mara nyingi iko droo. Kinyume chake pia kipo: beji imesahaulika kwenye aproni iliyotundikwa ndani ya chumba, inakula mionzi usiku na mchana, mwenyewe yuko likizo. Ndiyo maana nikiona namba kubwa sianzi na hasira, naanza na daftari la zamu.

Hao wa iridiamu, kwa ushauri wangu kwa yeyote aliye ofisi za ukaguzi, wafuatwe usiku. Kazi yao hufanyika watu wakishaondoka. Faili lao mchana huwa zuri sana. Usiku unaangalia kamba ya kuzuia watu iko umbali gani, na kama baada ya kila picha mtu anakwenda na mita kuhakikisha chanzo kimerudi kwenye kasha. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, chanzo cha iridiamu kilitoka kwenye kasha bila kujulikana, mchomeleaji akakiokota akakitia mfukoni. Alikatwa mguu.

Fundi_Geji:

Mzee shikamoo, na asante sana. Dada asante pia.

Nimeenda stoo na mita, betri nimeweka mpya. Kwa mbali inasoma ya asili tu, nikisogea karibu na kasha inapanda kidogo, kwa hiyo naona shata imefunga. Imetiwa kufuli, ufunguo ninao. Shida ni kwamba namba ya kwenye kibati haifanani na ile iliyo kwenye orodha ya leseni. Tarakimu mbili za mwisho zimegeuzwa. Naogopa nikiandika barua wataona tumeficha chanzo. Nirekebishe orodha kwanza ndipo niwaandikie?

MpimaMstaafu:

Marahaba kijana. Usirekebishe chochote kwanza. Inaweza kuwa kosa la kuchapa, inaweza kuwa kapsuli mbili ziliwahi kubadilishana sehemu, na kama ni hiyo ya pili kuna geji nyingine hapo kiwandani yenye namba isiyo yake. Zungukia zote kabla ya kuandika.

Kwenye orodha yako usifute namba ya zamani wala kupaka rangi nyeupe. Ipige mstari mmoja isomeke, andika ya kwenye kibati pembeni, tarehe, saini. Kisha barua kwa mdhibiti: umekabidhiwa lini, umekuta nini, namba zote mbili, kipimo ulichosoma na kwa umbali gani, na umeifungia wapi. Omba maelekezo ya kuiondoa. Kwa kawaida ni kuirudisha kwa mtengenezaji, au kuipeleka kwenye hifadhi ya taka za mionzi inayotambuliwa.

Usiisafirishe mwenyewe kabla ya kibali, hata kama bosi anataka stoo yake. Mwanzoni mwa 2023 Australia walitafuta kapsuli ya sesiamu ya milimita 6 kwa 8 kando ya barabara ya kilomita 1,400, baada ya geji kusafirishwa kwa lori na kukutwa imeachia, bolti moja haipo. Waliipata, lakini nchi nzima ilikuwa inafuatilia.

Picha ya kibati ambatanisha. Ipige ukiwa umesimama mbali, vuta lenzi.