Idi ya kuchinja Nizwa: mgeni Mkristo ajiandae vipi?

Mangi Safarini:
Habari wakuu. Jamaa niliyefanya naye kazi Dar amenialika kwao Nizwa, Oman. Kiarabu changu kinaishia kwenye shukran. Nimepanga kufika asubuhi ya Idi na kuondoka kesho yake. Nivae nini, nibebe nini?

Dada wa Tanga:
Kuondoka kesho yake? Badilisha tiketi kwanza, nguo baadaye. Utakosa shuwa, ile nyama ya Idi inayofukiwa kwenye shimo la moto.

Mimi pia Mkristo, nilikwenda 2024. Nilifuata tarehe ya Saudia, Jumapili 16 Juni, kumbe Oman Idi ni Jumatatu 17. Nikaingia sebuleni na gauni la sikukuu, nikaomba maji, wenyeji wote wamefunga Arafa, siku ya kuamkia Idi! Maji waliniletea, tena baridi, ila aibu niliyoiona ni yangu.

Siku ya Idi wanawake tulipaka nyama viungo: vitunguu saumu, siki, bizari, iliki, karafuu, pilipili, kwa mkono mtupu. Vidole viliniwasha hadi usiku. Bibi wa nyumba, aliyezaliwa Unguja, akanicheka kwa Kiswahili kitamu kuliko changu: "Mwanangu, karafuu hizo za kwetu, zisikuonee." Nyama ikafungwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye kifuko cha makuti. Shimo la moto ni la mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba inaweka alama. Chetu kilikuwa na waya na mfuniko wa kopo la maziwa. Kiliingia jioni, kikafukuliwa siku ya tatu. Nyama inaachia mfupa yenyewe.

Kahawa ikikutosha, tikisa kikombe. Sikuambiwa, nikanywa saba.

Mzee wa Matrah:
Dada kamaliza. Mangi, kanzu si lazima, suruali ndefu na shati vinatosha. Wenzako wakienda kuswali, wewe subiri nyumbani, hakuna atakayekushangaa. Maua acha, beba korosho. Na uwe na noti ndogo, baisa 100 na nusu riali. Watoto watakuja kudai mkono wa Idi, na hawasahau sura.

Mangi Safarini:
Tiketi nimesogeza siku nne, faini nimelipa. Hizo noti ndogo nazipata uwanja wa ndege?

Mzee wa Matrah:
Pale utapewa kubwa. Ingia duka lolote, nunua maji, omba chenji. Ila uyanywe nje, isijekuwa Arafa.