MREJESHO: Makunyanzi ya pembeni mwa macho

Mimi ndiye niliyeuliza kama makunyanzi ya macho yanapungua bila kisu. Asanteni nyote, hata aliyeniambia nipake ute wa yai. Nilipaka: uso ukakaza kama ngoma, nikanawa, yakarudi palepale.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akaniambia nicheke, akatia alama kwa kalamu nyeupe, akachoma botoksi (sindano ya kulegeza misuli) mara 3 kila upande. Inauma kama kung'atwa na siafu, dakika 10 kwisha. Siku ya 4 sioni kitu, nikajua nimeliwa hela. Wiki ya 2 ilipotimia, nacheka na ngozi imetulia! Ila mistari inayoonekana hata nikiwa nimenuna bado ipo, maana dawa hulegeza msuli tu, haijazi ngozi.

Sasa ni mwezi wa 4 tangu nichomwe, nguvu ya dawa inaisha. Sirudii kwanza, bei yake ni kodi ya nyumba. Nimebaki na retinoli (krimu ya vitamini A) usiku, kiasi cha punje ya choroko (mwanzoni nilizidisha, nikachubuka), na losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Wajawazito, retinoli msiiguse.