Spika ndefu bila sabufa, au spika ndogo na sabufa? Sebule ya mita 4 kwa 5

Kibanda77, Dar es Salaam
Wakuu, habari za jioni. Nina risiva ya 5.1 (ile ya spika tano na sabufa moja) niliyoipata used, hali nzuri, bado spika. Sebule ni mita 4 kwa 5, dari liko mita 3 juu, kuta za tofali za saruji, chini vigae. Bajeti ya spika zote ni milioni mbili na nusu. Nimebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni spika mbili ndefu za kusimama sakafuni, kila moja ina koni mbili za inchi 8, pamoja na spika ya kati na mbili ndogo za nyuma. Sabufa hakuna. Muuzaji anasema besi ya hizo inatosha na kubaki.

Ya pili ni spika tano ndogo za rafuni, zote za aina moja, na sabufa moja ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani.

Filamu ndiyo kazi kubwa, mpira wikiendi, na mama watoto hawezi kumaliza Jumapili bila taarab. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Fundi_Mawimbi
Ya pili, mkuu. Filamu ya 5.1 ina njia tano kamili na ya sita ya besi tupu, ile LFE, inayoishia 120 Hz, yaani mitetemo 120 kwa sekunde. Njia hiyo imetengenezwa ipigwe dB (desibeli) 10 juu ya zile nyingine. Ukiiambia risiva huna sabufa, mzigo wote huo unaangukia spika mbili za mbele, na juu yake besi ya spika ya kati na za nyuma, maana hizo ndogo haziwezi kuibeba. Amplifaya ya kusukuma yote hayo ni ya risiva yako hiyo hiyo.

Hapo kuna hesabu ambayo muuzaji hakwambii. Ukishuka oktavu moja, tuseme kutoka 60 Hz hadi 30, koni inatakiwa kusukuma hewa mara nne ili sauti ibaki na nguvu ile ile. Na kila ukitaka dB 3 zaidi, wati zinazidi maradufu. Sabufa inaiondolea risiva kazi yote hiyo, na hapo ndipo hata mazungumzo ya filamu yanapoanza kusikika safi.

Mzee_wa_Analogi, Tanga
Vijana mna haraka. Sabufa nyingi ninazozisikia mitaani zinavuma tu, noti zote za gitaa la besi zinatoka kama noti moja. Kwenye taarab hilo ni kosa kubwa. Spika ndefu nzuri mbili, zikiwekwa vizuri, besi inatoka palepale alipo mpigaji. Sabufa inachelewa, inakuja nyuma ya wimbo.

Kibanda77, Dar es Salaam
Shikamoo mzee. Hilo la kuchelewa ndilo linanitia hofu.

Mzee_wa_Analogi, Tanga
Marahaba mwanangu. Kasikilize kwanza kwa masikio yako kabla ya kutoa hela.

Sauti_ya_Mwamba, Nairobi
Mzee yuko sahihi kuhusu anachosikia, ila chanzo chake si sabufa kwa jina. Zile za mtaani zinazouzwa na vispika viwili zimetengenezwa zipige kishindo eneo dogo tu la masafa, ndiyo maana kila noti inafanana. Na hizo spika zake ni ndogo mno, kwa hivyo sabufa inalazimika kupanda juu hadi kwenye sauti za wanaume. Sabufa ya kweli ikikatwa 80 Hz, yaani ipige chini ya hapo tu, ni kitu kingine.

Kuhusu kuchelewa: risiva inakuuliza umbali wa kila spika. Sauti inatumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Ukipima kwa maikrofoni iliyokuja na risiva, utaona sabufa imeandikiwa umbali mkubwa kuliko futi kamba inavyosema. Usiirekebishe! Vichujio vya ndani ya sabufa vinachelewesha sauti, na risiva inafidia hapo. Watu wengi wanarudisha namba ya futi kamba halafu wanalalamika besi iko nyuma.

Sasa krosova, yaani masafa ambapo spika zinaishia na sabufa inapokea, maana ndiyo roho ya swali lako. 80 Hz ndiyo waliyoichagua THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, na ina sababu: chini ya hapo sikio halitambui kwa urahisi sauti inatoka kona gani. Ukipandisha hadi 120, besi inasikika ikitoka pale sabufa ilipo, na mtangazaji wa mpira mwenye sauti nzito anaanza kuongelea nyuma ya kochi. Ukishusha hadi 50, spika ndogo za inchi 5 zinalemewa. Vispika vidogo sana vya inchi 3 havina ujanja, vinahitaji 120 au zaidi. Hapo ndipo ningekataa kununua, hata viwe rahisi namna gani.

Na hata ukichukua zile ndefu baadaye, kwenye menyu weka Small zote, ili besi yao iende kwa sabufa, na sabufa iwepo. Usiwashe ile LFE+Main. Inapeleka besi ya spika za mbele sehemu mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi zinagombana.

Pwani_Mkunazini, Zanzibar
Maalim Kibanda, hesabu unayoisoma mitandaoni nyingi inatoka Marekani, nyumba za mbao na jipsamu. Kuta zile zinatikisika na besi nyingi inapenya nje. Kuta zako za saruji zinairudisha ndani. Kwa hiyo unapata besi kubwa kwa wati chache, lakini chumba chenyewe kinanguruma kwa masafa yake. Gawa 343, mwendo wa sauti wa mita kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu: mita 5 inakupa 34 Hz, mita 4 inakupa 43. Katika masafa hayo, ukikaa ukutani unazama kwenye besi, ukikaa katikati kabisa ya chumba inapotea. Kochi likikaa katikati ya zile mita 5, 34 Hz utaitafuta usiione, hata ununue sabufa ya inchi 18.

Mie ningesogeza kochi, kiasi mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma. Halafu sabufa iweke juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, utambae pembezoni mwa kuta. Pale besi inaposikika sawasawa, hapo ndipo pake. Watoto watakucheka, waache.

Kapeti na pazia nzito zinasaidia makelele ya vigae, kweli, lakini kwa 40 Hz ni sawa na kuzuia bahari kwa kanga.

Kibanda77, Dar es Salaam
Aisee. Kochi liko ukutani kabisa sasa hivi, na mwenye nyumba hataki lisogee. Mwenye nyumba namaanisha mke wangu. Je, hela ya sabufa moja ya inchi 12 nikinunua mbili za inchi 8 au 10?

Sauti_ya_Mwamba, Nairobi
Swali zuri kuliko lile la kwanza. Mbili zinazofanana, moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zinauzima ule mngurumo wa 34, na hata ule wa 43 haupati chakula kwa sababu zote ziko katikati ya upana. Besi inakuwa sawa kwa kila anayekaa kwenye kochi. Moja kubwa inashuka chini zaidi na ina pumzi zaidi kwenye milipuko.

Ukitazama peke yako, chukua moja na uipangie mahali. Familia nzima ikikaa, ningeenda na mbili za inchi 10, si 8. Ukikaa ukutani unapata besi ya bure tayari, kwa hiyo ukubwa hautakusumbua. Nimepima vyumba vya namna hii kwa Room EQ Wizard, programu ya bure, na maikrofoni ya UMIK-1. Mlima, yaani masafa yanayozidi na kukera, unaweza kushushwa kwa ikwalaiza (kirekebisha masafa), bonde, yaani masafa yanayopotea, halijazwi kwa ikwalaiza. Unaongeza nguvu, koni inahangaika, shimo linabaki.

Fundi_Mawimbi
Naongezea tu. Kile kitufe cha krosova nyuma ya sabufa kizungushe hadi mwisho wa juu, au weka kwenye LFE, ili risiva peke yake ndiyo ikate. Vikikata viwili kwa pamoja, besi inayeyuka pale pale kwenye 80.

Mzungumza_Muscat
Salaam kutoka Oman. Kabla hujachomeka risiva used, geuza uangalie nyuma. Ikiwa imetoka Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120, na soketi za kwenu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, inaungua siku hiyo hiyo. Na sabufa ikianza kuguruma mfululizo bila filamu, mara nyingi ni umeme wa 50 Hz unaoingia kupitia waya wa dishi. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi usikilize. Mngurumo ukinyamaza, umempata mwizi. Weka kila kitu kwenye soketi moja ya ukutani.

Mzee_wa_Analogi, Tanga
Haya, ya filamu nimewaachia. Ila taarab siku ya Jumapili, mpigie kwa spika mbili za mbele na sabufa, chaneli za nyuma zizime. Qanuni haipigwi nyuma ya kichwa cha mtu.

Kibanda77, Dar es Salaam
Sawa mzee, hilo nimelishika. Naenda na tano za rafuni za inchi 5 na sabufa mbili za inchi 10, krosova 80. Risiva yangu ni ya volti 220 hadi 240, nimekagua. Sabufa ya nyuma itakaa nyuma ya kochi, kwa hiyo kochi litasogea sentimita 40. Hayo mazungumzo na mwenye nyumba nayafanya leo usiku.